Chumvi Haisikii Spiriti

Binti yangu ana miaka tisa, na kwa karibu mwezi mzima gari lake lilikuwa halipindi kushoto. Sikujua mpaka alasiri moja tulipokaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, mimi na kofia yangu ya kushona, yeye na Game Boy yake, mashine ya michezo ya mkononi, nikawa namtazama kwa pembeni. Kila alipofika kona ya kushoto alipunguza mwendo, akalizungusha gari kulia, kulia tena, kulia tena, mpaka pua ikaelekea kushoto, ndipo akaendelea. Alifanya hivyo haraka bila kununa, kama mtu ambaye mlango wa nyumba yao hukwama na ameshajua pa kuupiga bega.

Nikamuuliza mbona hapindi tu moja kwa moja.

"Mama, gari hili haliendi kushoto," akanijibu. "Ndivyo lilivyo."

Iliniuma. Mchezo ule nimeucheza tangu nilipokuwa msichana, na gari lile linakwenda kushoto vizuri sana.

Mashine yenyewe ni Game Boy Advance, ile ya mwanzo, pana, ya kushikwa kwa mikono miwili. Ilikuwa ya kaka yangu. Aliinunua Mombasa ikiwa imeshatumika, rangi ya zambarau, na alipopata kazi ya meli akaniachia mimi na kaseti zake nne. Aina hii ilitoka 2001, mwaka uleule ambao mji wetu wa kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Inatumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, na zikiwa nzuri huenda saa kumi na tano hivi. Kioo chake hakina taa. Hukioni mpaka ukae penye mwanga, na ndiyo maana kwetu huchezewa dakani mchana, ambako mwanga unafika lakini jua lenyewe halikuchomi, na usiku huchezewa chini ya taa ya ukumbini huku mama yangu akisema, "Utaharibu mato, wewe."

Kwanza niliipeleka kwa fundi wa simu, hapahapa usita wa ndani, njia nyembamba ya mtaani kwetu. Ni kijana mwenye bidii, na simu yangu ameshaitengeneza mara mbili ikapona. Lakini skrubu za nyuma za mashine hii hazina kichwa cha mstari mmoja wala cha alama ya kujumlisha. Zina mifereji mitatu inayokutana katikati, imekaa kama mafiga. Yeye alikuwa na bisibisi ya mifereji mitatu, ila ni ile ya simu, ndogo mno kwa skrubu hizi. Ikawa inaserereka. Akachukua ncha ya kisu. Skrubu ya kona ya chini ikalika kichwa mpaka ikabaki shimo la mviringo, laini. Akanirudishia.

"Dada, hiki kitu kimepitwa na wakati. Mnunulie mtoto simu."

Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Kioo kizima, sauti nzima, kaseti zinasoma, vitufe vingine vyote vinaitika. Upande mmoja wa kitufe kimoja umenyamaza, ndiyo tuseme mashine imekufa? Na simu haina vitufe. Mtoto anayecheza kwenye kioo kitupu hana mahali ambapo kidole chake kinajua kimefika bila jicho kukitazama. Mimi nashona kwa vidole, najua thamani ya kitu hicho.

Basi nikaagiza bisibisi sahihi Mombasa. Ilikuja kwa basi mpaka Mokowe, kisha kwa boti mpaka gatini, ndani ya bahasha moja na chupa ndogo ya spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ile mafundi wa vifaa vya umeme wanayosafishia saketi. Kila uliyemuuliza kuhusu vitufe vilivyokwama alikuwa na jibu moja: spiriti, spiriti, spiriti. Nikaamini.

Skrubu ni saba. Sita ni za mafiga, na ya saba ni ya kawaida, imejificha ndani ya nyumba ya betri. Ukiisahau hiyo utavuta kifuniko mpaka plastiki ipasuke, na utadhani imegandamana kwa uzee. Tano za mafiga zilitoka bila shida. Ile iliyoliwa kichwa niliitandikia kipande cha mpira bapa, ule wa kufungia noti, nikakandamiza bisibisi juu yake kwa uzito wa mkono wote, nikazungusha polepole sana. Mpira ulijaza lile shimo, ukang'ata. Mara ya tatu ikasogea. Nilipoisikia imelegea nilishusha pumzi kwa sauti mpaka binti yangu akacheka.

Kabla sijasonga mbele, jambo moja la kuangalia. Ukiinua kifuniko cha nyuma, vitufe viwili vya mabegani hulegea, na kile kiplastiki cha kuwashia na kuzimia huanguka chenyewe. Hakikushikwa na chochote, kimekaliwa tu. Changu kilianguka sakafuni kikaingia chini ya kitanda cha kamba, na nusu saa ikapotea kwa tochi. Fungulia ndani ya sinia yenye ukingo, na utandike kitambaa cheupe.

Ndani, ubao wa saketi umeshikwa na skrubu tatu za kawaida, na utepe mwembamba unaotoka kwenye kioo umeingia katika soketi yenye kufuli la plastiki. Kufuli hilo halivutwi juu liking'oka. Linasukumwa kidogo tu kwa kucha, upande huu kisha upande ule, mpaka lifunguke, na utepe utatoka wenyewe. Ukitumia nguvu hapa, umepoteza kioo, na ukipoteza kioo ndipo maneno ya yule fundi yatakuwa kweli.

Nikaugeuza ubao. Na hapo nikaona kitu ambacho hakikuandikwa katika maelezo yoyote niliyosoma.

Kilikuwa chekundu. Chini ya kitufe cha A, kuzunguka tundu lake kwenye plastiki, palikuwa na ukoko mwekundu unaong'aa, na mstari mwembamba wa rangi hiyohiyo ulikuwa umetiririka kuelekea B. Nikanusa. Iliki. Yalikuwa mabuyu. Miezi na miezi ya vidole vilivyotoka kwenye karatasi ya mabuyu vikaenda moja kwa moja kwenye kitufe. Binti yangu alinitazama, nikamtazama, hakuna aliyesema neno. Mimi mwenyewe utotoni nimekula mabuyu juu ya mashine hiyohiyo, na sina hakika ukoko wote ule ulikuwa wake.

Upande wa kushoto, chini ya kitufe cha alama ya kujumlisha, hapakuwa na wekundu. Palikuwa na ukungu. Kitu cheupe, chepesi, kama pumzi iliyoganda kwenye kioo, kimekaa juu ya sehemu ile ambayo kitufe cha kushoto hugusa. Nilichukua lenzi ninayotumia kwa kazi ya kofia za harusi nikakitazama kwa karibu. Ulikuwa ni mkusanyiko wa chembe ndogo mno, nyingine zina pembe kali, nyingine zimeyeyukiana. Kulia kulikuwa na kidogo, juu na chini kidogo zaidi. Kushoto kulikuwa kumefunikwa kabisa.

Nieleze jinsi vitufe hivi vinavyofanya kazi, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Chini ya plastiki unayoibonyeza kuna mpira laini wenye vichuguu, na ndani ya kila kichuguu kuna kidonge cheusi. Kidonge hicho ni mpira uliochanganywa na kaboni, kwa hiyo kinapitisha umeme. Kwenye ubao, mkabala na kila kidonge, kuna njia mbili za umeme zilizochongwa kama vitana viwili vilivyoingiliana meno bila kugusana. Ukibonyeza, kidonge kinashuka na kulala juu ya meno ya vitana vyote viwili, umeme unavuka, mashine inajua. Ukiachia, kichuguu kinarudi juu. Basi. Hakuna springi wala chuma kinachokunjika. Ndiyo maana vitufe hivi huishi miaka ishirini na zaidi, na ndiyo maana vikifa, mara nyingi havikuvunjika. Kuna kitu kimekaa katikati ya viwili vinavyotakiwa kugusana.

Kile kitufe cha pande nne kina hadithi yake, na naipenda. Kilibuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo, kwa mchezo wa mkononi wa Donkey Kong wa 1982. Kabla ya hapo michezo mingi ilikuwa na fimbo iliyosimama, ambayo huwezi kuitia mfukoni, au vitufe vilivyotawanyika. Yeye alichukua pande nne akazifanya kipande kimoja kinachoyumba juu ya nundu ya katikati. Ukilaza kushoto, kulia kunainuka. Haviwezi kubonyezwa vyote viwili pamoja. Dole gumba halihitaji kuondoka mahali pake. Na huyo Yokoi alipoajiriwa mwaka 1965 kazi yake ilikuwa kuhudumia mashine za kiwandani zilizotengeneza karata. Alikuwa fundi wa matengenezo. Kila nikikishika kitufe hiki nakumbuka kwamba kilitoka kwa mtu aliyezoea kushika vitu vilivyoharibika.

Turudi kwenye sinia. Nilifanya nilivyoambiwa. Nikalowesha kijiti cha pamba kwa spiriti, nikasugua vitana vyote, nikasugua vidonge, nikapangusa. Ukungu ulionekana kuondoka. Wekundu wa mabuyu uligoma kabisa. Pamba ilipita juu yake ikatoka karibu nyeupe kama ilivyoingia, nikaukwangua kwa kucha. Nikafunga kila kitu. Nikawasha. Gari likapinda kushoto! Binti yangu alipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Siku ya tatu likaacha tena.

Na sasa lilikuwa na ugonjwa mpya. Mchana halipindi kushoto. Usiku, chini ya taa, linavuta kushoto lenyewe bila kuguswa, kama boti iliyoachiwa usukani. Mtoto analivuta kulia, lenyewe linarudi. Asubuhi, saa nne jua likiwa limeshapanda, halipindi tena.

Nililifikiria jambo hilo siku mbili nzima huku nikishona. Kitu gani hufanya hivi mchana na kinyume chake usiku? Kilichonifumbua ni mama yangu, jikoni, bila yeye kujua. Yalikuwa majira ya mvua. Alifungua kikopo cha chumvi, akakiinamisha, akaniita, "Ndoo uone. Imekuwa mai tena." Chumvi yote ilikuwa imeloa, imeshikana, na chini kuna maji. Kila nyumba ya Lamu inajua hili. Ndiyo maana tunatia punje za mchele kwenye chumvi ya mezani.

Chumvi hunywa maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kujiyeyusha yenyewe, na hapa kisiwani usiku unyevu hupita hapo kwa urahisi. Chumvi kavu haipitishi umeme. Maji ya chumvi yanapitisha. Basi mchana ule ukungu ulikuwa ukoko mkavu unaozuia kidonge kisiguse vitana. Usiku ulikuwa tone la maji ya bahari linalounganisha vitana vyote viwili pasi na kidole cha mtu. Ugonjwa ulikuwa mmoja tu, saa ndiyo iliyokuwa ikibadilika.

Lakini si nilikuwa nimeshasafisha kwa spiriti?

Nikachukua vifuniko viwili vya chupa ya soda. Kimoja nikatia spiriti yangu ya asilimia 99, kingine nikatia maji. Kila kimoja nikatia chumvi ya kunyanyua kwa ncha mbili za vidole. Nikakoroga kwa shina la njiti ya kiberiti. Kwenye maji, kufikia kuhesabu thelathini, chumvi yote ilikuwa imeyeyuka. Kwenye spiriti, chembe zilizunguka zikatulia chini, nyeupe, zima, zimekaa kama mtanga uliotulia chini ya maji ya pwani. Nikaziacha mpaka baada ya swala ya alasiri. Spiriti ilikuwa imeanza kukauka pembeni, na chembe bado ni zilezile.

Nikatia sukari kwenye kifuniko cha tatu na spiriti mpya. Vilevile, haikugusika.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Sikuwa nimeisafisha chumvi. Nilikuwa nimeisambaza. Spiriti huondoa mafuta ya vidole na gundi na uchafu wa moshi, na kwa watu wanaoishi mbali na bahari labda huo ndio uchafu wenyewe, kwa hiyo wanashauri kwa haki. Sisi tunaoishi hapa, ambapo upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya makabati, uchafu wetu wa kwanza ni chumvi, na wa pili, kwa nyumba yenye watoto, ni sukari. Vyote viwili havisikii spiriti. Vinasikia maji.

Ukitamka neno maji mbele ya mtu wa vifaa vya umeme anashtuka. Lakini maji hayaui ubao ambao hauna betri ndani yake. Kinachoua ni umeme kupita wakati umeloa, na vilivyomo ndani ya maji ambavyo hubaki yanapokauka. Kwa hiyo si maji ya bomba. Maji yetu ya bomba yanatoka visima vya Shela, chini ya matuta ya mchanga, na birika la mama yangu linaonyesha yanachobakisha. Nilikwenda duka la vifaa vya sola nikanunua maji ya betri, yaliyochujwa kwa mvuke. Tafadhali soma chupa vizuri: katika rafu hiyohiyo huuzwa asidi ya betri, na chupa zinafanana. Unataka maji.

Mara ya pili niliifanya kazi taratibu, na ndiyo namna ninayokushauri.

Betri nje tangu usiku uliotangulia. Mipira mitatu ya vitufe, wa pande nne, wa A na B, na ule mdogo wa Start na Select, niliiosha kwenye bakuli la maji vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, nikaisuuza kwa maji ya betri, nikaiacha kwenye kitambaa vidonge vikitazama juu. Vidonge usivisugue. Kaboni yake ni nyeusi, na ukiona weusi unahamia kwenye pamba, unakiondoa kile kile unachokihitaji. Plastiki ya mbele na vitufe vyenyewe vilipata mswaki wa mtoto, na wekundu wa mabuyu ambao spiriti haikuuweza uliyeyuka mbele ya macho yangu kama sharubati, bakuli zima likawa la waridi.

Ubao sikuutumbukiza. Niliulaza, nikalowesha kijiti cha pamba kwa maji ya betri, nikakiweka juu ya vitana vya kushoto nikakiacha hapo, kimelala, kwa muda wa kuhesabu mia. Kisha nikakizungusha kidogo, nikakitupa. Kijiti kipya. Tena. Mara tano. Haja si kusugua, haja ni kuipa chumvi nafasi ya kuyeyuka na kupanda kwenye pamba, na usirudie kijiti kilichotumika, maana utairudisha chumvi mahali pake. Nilifanya hivyo kwa pande zote nne, kwa A na B, na kwa Start na Select. Kwa kazi hii mwenye mkono wa haraka hafai. Binti yangu alishika tochi muda wote, na mara mbili aliniambia, "Hapo bado, mama," na kweli ilikuwa bado.

Ndipo spiriti ikaingia kazini, na hapa kazi yake ni kubwa. Inachanganyika na maji yaliyobaki katika vipenyo, inayachukua, na inakauka nayo haraka. Kijiti kimoja cha spiriti kila mahali nilipopitisha maji. Maji kwanza, spiriti mwisho. Ukigeuza utaratibu huu unafanya kazi bure.

Kwenye vyuma vya betri palikuwa na unga mweupe ulioelekea kijani, kumbukumbu ya betri ambayo kaka aliisahau ndani ikavuja. Huo ni uchafu wa aina nyingine, wa magadi makali, na dawa yake ni tindikali: nusu ndimu kwenye kijiti, unachemka kidogo, unafutika, kisha maji ya betri, kisha spiriti. Usiiache ndimu ikakaa.

Nikaweka kila kitu kwenye sinia chini ya feni usiku kucha. Juani juu ya dari hapana. Plastiki nyembamba inapinda na kioo hakipendi joto lile. Na kwenye mchele pia hapana. Mchele ni wa kikopo cha chumvi. Huku ndani unaacha vumbi la wanga, na vumbi hilo likipata unyevu wa hapa linakuwa uji.

Asubuhi niliazima kwa jirani yetu anayefunga sola mita ya kupimia jinsi kitu kinavyouzuia umeme. Nikagusa ncha mbili za mita kwenye kidonge kimoja kimoja. Kulia, juu na chini vilisoma karibu sawa. Kushoto kilisoma zaidi ya mara tatu ya hapo. Kwa hiyo chumvi haikuwa peke yake. Kidonge chenyewe kilikuwa kimechakaa, na nadhani sababu ni mimi, maana mara ya kwanza nilikisugua kwa spiriti kwa nguvu zote. Nilichukua penseli ya 2B nikakipaka taratibu, duara baada ya duara, mpaka kikang'aa kijivu, nikapuliza unga uliobaki. Mita ikashuka ikawa karibu na wenzake. Dawa ya penseli si ya milele, inafutika, lakini inakupa miezi, na mipira mipya inauzwa ukiitaka. Wengine hubandika kipande cha karatasi ya fedha ya sigara juu ya kidonge. Sikufanya hivyo. Gundi ikiachia, kile kipande kinatembea ndani ya mashine, na ni chuma.

Kufunga ni kurudi kinyumenyume. Hakikisha mipira imekaa kwenye vijiti vyake vya plastiki, utepe wa kioo umeingia sawasawa bila kukaa mshazari kabla hujafunga kufuli lake, na kile kiplastiki cha kuwashia kimekaa kwenye ulimi wake. Nilirudisha skrubu mbili tu kwanza, za pembe zinazotazamana, nikatia betri, nikajaribu kila kitufe, ndipo nikamalizia nyingine. Ile iliyoliwa sikuirudisha. Nafasi yake iko wazi, na mashine haijatikisika.

Sikumpa mtoto mara moja. Nilitaka usiku upite. Nilikaa nayo chini ya taa baada ya isha, madirisha wazi, unyevu unashika mikono, nikaendesha gari lile mwenyewe karibu saa nzima. Halikuvuta. Nililiachia kabisa katikati ya barabara nyoofu, vidole juu, na likaenda mbele. Nilipobonyeza kushoto lilipinda kushoto. Kidole gumba kilikumbuka kona za mchezo ule kabla mimi sijazikumbuka.

Imepita miezi mitano sasa, pamoja na kipindi kizima cha kusi. Ikitoka mkononi inaingia kwenye kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mabuyu hayakukatazwa. Kuna bakuli la maji na taulo ndogo pembeni ya daka, na anayetaka kucheza ananawa.

Siku niliyomrudishia, alikaa palepale, akawasha, akaanza mbio. Kona ya kwanza ilikuwa ya kulia, akapinda. Ya pili ilikuwa ya kushoto. Akapunguza mwendo, akalizungusha gari kulia, kulia tena, kulia tena.

"Kushoto," nikamwambia.

Akanitazama kwanza. Kisha akarudisha macho kwenye kioo, akasogeza kidole gumba.

"Aaa," akasema, taratibu, na akairudia ile kona.